Mlango wa Kasapa: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Haut-Katanga

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, kwa waheshimiwa wa Bunge la Mkoa, na kwa wakubwa wa mahakama za kijeshi, Lubumbashi.

Waheshimiwa,

Katika soko la Kikula, hapa Likasi, yuko mama mmoja anayeuza makala. Anapima kwa kopo lililokuwa la rangi ya nyumba, analijaza mpaka linafanya kilima, kisha anaongeza vipande viwili kwa mkono. Hiyo ndiyo matabishi, na mteja wa Likasi asipoipata harudi. Mama huyo alifika mjini mwishoni mwa 2005, kwa miguu, akitokea upande wa Mitwaba na watoto watatu. Ukimuuliza ni nani aliyechoma kijiji chao, atakwambia usiku ule hakuona sura za watu, aliona moto. Kati ya aliokimbia nao, wengine walisema ni Mayi-Mayi, wengine wakasema ni askari. Lakini kila waliposimama kupumzika njiani, jina lililotajwa lilikuwa moja: Gédéon.

Mwandishi wa barua hii alinunua makala kwake miaka mingi kabla ya kuthubutu kumuuliza habari hizo. Mama alipomaliza kusimulia, naye aliuliza lake: «Ile hukumu ya Kipushi, bado iko?» Mwandishi hakuwa na jibu. Wenye jibu ni ninyi, waheshimiwa, ndiyo maana barua inaletwa kwenu hadharani.

Gédéon Kyungu Mutanga, kwa mujibu wa kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, alizaliwa 1974 katika teritwari ya Manono, nchi ya bati zamani na ya lithiamu siku hizi. Jina lake la kwanza ni la mwamuzi wa Biblia, Gideoni, yule aliyelishinda jeshi kubwa akiwa na watu 300 tu. Mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza, kijana huyu alikuwa na umri wa miaka 24. Jeshi la Rwanda na waasi wa RCD walikuwa wanashuka kusini. Manono iliangukia mikononi mwao 1999, na Pweto ikafuata Desemba 2000. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila, ilipoona jeshi lake limechoka, iligawa silaha vijijini na kuwaita vijana wailinde ardhi ya mababu. Vijana wakaitika. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakashikishwa miiko, wakaambiwa risasi itageuka mayi, maji, kabla ya kuwafikia. Ndiyo asili ya jina lao.

Ni vizuri jambo hili likaelezwa kwa haki. Vijana wale hawakuwa majambazi siku ya kwanza. Wengi waliitwa kwa jina la taifa na walikwenda kwa moyo safi. Wazee wa Mitwaba na Pweto wanalijua hilo, ndiyo maana hata leo utamsikia mtu mzima akitaja neno Mayi-Mayi kwa uchungu mmoja na heshima mbili.

Kisha ikaja amani ya karatasi. Mapatano yalitiwa saini Afrika Kusini mwishoni mwa 2002, majeshi ya kigeni yakaondoka, na 2003 Kinshasa ikapata serikali ya mpito. Wakubwa wa makundi makubwa walipewa wizara na vyeo vya ujenerali. Mayi-Mayi wa Katanga waliachwa porini na bunduki zao. Hakuna aliyekwenda kuzihesabu. Magharibi, upande wa Haut-Lomami, alitokea mmoja aliyejulikana kwa jina la Chinja-Chinja. Katikati ya Manono, Mitwaba na Pweto akatawala Gédéon, na eneo lake likaitwa pembetatu ya kifo. Waliopewa silaha wawalinde wanavijiji wakaanza kula jasho la wanavijiji hao hao: unga, mbuzi, watoto wa kiume wa kubeba mishale, watoto wa kike wa kupelekwa kambini. Aliyekataa aliitwa msaliti. Jeshi lilipotumwa kumsaka, kuanzia mwishoni mwa 2005, nalo lilipita vijijini kwa namna yake, na watu zaidi ya 150,000 wakakimbia. Mama wa Kikula ni mmoja wa hao. Haishangazi kwamba hakujua moto ule ulikuwa wa nani.

Tarehe 12 Mei 2006 Gédéon alijisalimisha mjini Mitwaba, mbele ya askari wa Umoja wa Mataifa. Alifuatana na wapiganaji wapatao 150, na wengi wao walikuwa watoto. Mwandishi anaomba mkae kidogo na neno hilo, watoto. Yule aliyetikisa nusu ya mkoa alitoka msituni akizungukwa na vijana ambao wenzao wa rika huku Likasi walikuwa wanakariri jedwali la kuzidisha. Nguvu yake ilikuwa pale, kwa mtoto anayeamini maji kuliko anavyoiamini hofu yake mwenyewe.

Kesi yake ilianza Kipushi 2007. Ilikuwa kazi kubwa, na waliofanya kazi ile wanastahili shukrani ambayo hawajaipata. Mashahidi walitoka mbali, wakasema mbele ya mtu waliyemwogopa. Tarehe 5 Machi 2009 mahakama ya kijeshi ilimkuta na hatia ya makosa ya kivita, makosa dhidi ya ubinadamu, uasi na ugaidi, ikampa adhabu ya kifo. Mahakama haikuishia kwake. Iliona kwamba Serikali nayo ina deni, kwa kuwa iliwapa watu silaha na haikuzichukua tena, ikaamuru nayo ishiriki kulipa fidia kwa waliodhurika. Kwa mara moja katika nchi hii hakimu alisema wazi kilichokuwa kinanong'onwa kila kijiji.

Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 7 Septemba 2011, mlango wa gereza la Kasapa ulifunguka.

Wanaolijua Kasapa, nje kidogo ya Lubumbashi, wanajua si boma la miti. Siku hiyo, mchana kweupe, watu wenye silaha walifika, wakafyatua risasi, na wafungwa karibu 1,000 wakatoka. Kati yao alikuwamo yeye. Uchaguzi wa rais na wabunge ulikuwa umebaki chini ya miezi mitatu. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo kwa makosa ya kivita alikuwa amewekwa mahali ambapo kundi dogo tu linaweza kuja kumchukua, ilhali hapa Likasi kuna gereza la kijeshi la Buluo, ambalo kila mtu anajua lilivyo. Nani aliamua akae Kasapa? Nani alikuwa na zamu siku ile, na aliyekuwa juu yake aliulizwa nini? Maswali haya si ya uchokozi. Mzazi ambaye nyumba yake imevunjwa huanza kwa kuangalia kitasa.

Alirudi porini akiwa mkubwa kuliko alivyotoka. Kabla ya Kasapa alikuwa mkuu wa Mayi-Mayi kama wakuu wengine. Baada ya Kasapa alikuwa mtu ambaye kifo kiliandikwa na hakikumpata, na kwa watu waliolelewa kwenye habari za dawa hakuna tangazo kubwa kuliko hilo. Ndipo likaja jina jipya, Bakata Katanga. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Ni wenye kuikata Katanga, kuitenga na Kongo kama mtu anavyokata kipande cha mkate.

Hapo Gédéon aliokota kitu ambacho hakukitengeneza. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi, na ndoto ile ilizimwa kwa nguvu Januari 1963. Bendera yake wengi wenu mnaijua: nyekundu juu, nyeupe chini, utepe wa kijani ukipita kimshazari, na misalaba mitatu ya shaba kwenye ile nyeupe. Mafundi wa Likasi wanaigonga misalaba hiyo kwenye bamba za shaba hadi leo na kuwauzia wageni pamoja na vinyago vya malakiti, na ni kazi nzuri ya mikono. Msalaba wa shaba ni wa mababu, ulikuwa fedha yao kabla ya Mbelgiji kuja. Lakini vijana waliofungwa vitambaa vyekundu kichwani na kukabidhiwa bendera ile walikuwa wamezaliwa miaka 30 na zaidi baada ya Tshombe. Walichokijua ni kwamba lori za shaba zinapita na kwao hakuna barabara. Na hilo, waheshimiwa, walikuwa wanasema kweli. Ni kweli hiyo aliyoitumia Gédéon kununua uongo wake wote.

Likasi haiwezi kujifanya haijui njia hii. Mnamo 1992 na 1993 mji huu uliona vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI, wakipita nyumba kwa nyumba kuwatoa majirani waliotoka Kasai. Waliwaita bilulu, wadudu. Waalimu, wauguzi, mafundi wa kampuni ya migodi ya Gécamines, watu waliozaliwa hapa na waliozika wazazi wao hapa, walikwenda kulala kwenye kituo cha gari moshi wakisubiri mabehewa, wengine kwa miezi, chini ya maturubai, huku watoto wakifa kwa kuhara. Mwandishi anakumbuka harufu ya kituo kile na anakumbuka mwalimu wake wa hesabu akiwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, akiwasalimu wanafunzi wake kwa majina. Gédéon hakuwamo katika habari hiyo. Lakini neno bilulu lilikuwamo, na baadaye likaja chinja, na baadaye kata. Maneno matatu, yote ya Kiswahili chetu, yote yamepita midomoni mwa watu wa kawaida kabla hayajafika kwenye panga. Watoto waliokuwa wanasikia 1992 walikuwa watu wazima 2011.

Machi 2013 yalitokea mambo mawili katika wiki moja, na yanafaa kuwekwa pamoja. Tarehe 18, Bosco Ntaganda, aliyekuwa akitafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2006 na ambaye juu ya hayo alipewa ujenerali katika jeshi letu, aliingia ubalozi wa Marekani mjini Kigali na kuomba apelekwe The Hague. Tarehe 23, Jumamosi, Bakata Katanga zaidi ya 200 waliingia Lubumbashi wakiwa na hirizi, pinde, mapanga na bunduki chache, wakafika katikati ya mji. Watu zaidi ya 30 walikufa siku ile. Waliosalia walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa wakajisalimisha. Ntaganda alihukumiwa miaka 30 mnamo Novemba 2019, na Machi 2021 mahakama ile ikaamuru fidia ya dola milioni 30 kwa waliodhurika Ituri. Gédéon hakuwapo mjini siku ile ya Lubumbashi, aliwatuma. Vijijini kwake, kufikia mwisho wa 2013, waliokimbia ndani ya Katanga walikuwa wamefika karibu 400,000. Mbuga ya Upemba nayo haikupona: mkuu wake aliuawa na Mayi-Mayi Desemba 2012.

Sasa inafika sehemu ambayo ni ngumu kuandika bila mkono kutetemeka.

Tarehe 11 Oktoba 2016, huko Malambwe, teritwari ya Mitwaba, Gédéon alitoka msituni kwa mara nyingine pamoja na wapiganaji wapatao mia. Safari hii hapakuwa na pingu. Kulikuwa na sherehe. Alivaa fulana yenye picha ya Rais Joseph Kabila, ambaye muhula wake ulikuwa unamalizika Desemba ile ile. Wakubwa wa mkoa walimpokea kwa hotuba. Kisha akaletwa Lubumbashi, akapewa nyumba na walinzi. Watetezi wa haki za binadamu walipiga kelele, ofisi za Umoja wa Mataifa zikauliza kuhusu hukumu ya 2009, na majibu yalikuwa kwamba amani imepatikana. Februari 2018 Baraza la Usalama lilimweka kwenye orodha ya vikwazo. Aliendelea kukaa mjini.

Fikirini waliokwenda Kipushi kutoa ushahidi, wakiwa mbele ya televisheni jioni ile ya Oktoba. Mtu aliyesimama kizimbani akasema «ni huyu» alimwona huyo huyo akishikwa mkono. Mtoto aliyetoroka kambi yake, sasa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa pikipiki labda, alimwona akishangiliwa. Somo alilolipata si la kufundishwa darasani: ukiua mmoja ni gereza, ukiua wengi ni mazungumzo.

Tarehe 28 Machi 2020, Jumamosi nyingine, wakati nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona na watu wema walikuwa majumbani, wafuasi wake waliingia Lubumbashi wakiwa na vitambaa vyao vyekundu. Risasi zikalia, watu wakafa. Katika vurugu hiyo Gédéon alitoka kwenye nyumba aliyopewa akatoweka. Walinzi wa nyumba walikuwa wa Serikali. Hii ilikuwa mara ya pili kwa mtu mmoja kuwatoka watu wa Serikali katika mji mmoja, na mara ya kwanza alikuwa amefungwa, mara ya pili alikuwa mgeni. Februari 14, 2021, Jumapili alfajiri, Bakata Katanga walishambulia kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati, na askari wetu wakafa humo, vijana wenye wake na watoto wadogo.

Wako wanaosema kwamba sherehe ya Malambwe iliokoa maisha, kwamba bila ile meza wangekufa wengine. Hoja hii isidharauliwe. Vita vinaisha kwa kuzungumza, na vijana wadogo waliotoka porini na kiongozi wao walistahili kupokelewa, kulishwa, kurudishwa shule. Tofauti ipo kati ya kumpokea mtoto aliyebebeshwa mshale na kumpigia makofi aliyembebesha. Kivu Kaskazini, Ntabo Ntaberi Sheka, naye mkuu wa Mayi-Mayi, alijisalimisha Julai 2017 baada ya miaka ya kusakwa. Hakupewa nyumba. Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimfunga maisha, baada ya mashahidi kusikilizwa. Basi inawezekana, na inawezekana kwa sheria zetu wenyewe, na majaji wetu wenyewe waliovaa sare yetu.

Barua hii haiombi damu. Machi 2024 Kinshasa iliamua kuondoa zuio la kutekeleza adhabu ya kifo lililodumu tangu 2003, na wako wanaoona hiyo ndiyo dawa ya akina Gédéon. Mwandishi haoni hivyo. Mtu aliyejijengea sifa kwa kushinda hukumu ya kifo atafanywa shahidi wa imani na hukumu hiyo ikitekelezwa. Kinachoombwa ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba mkoa useme hadharani hukumu ya Kipushi ina nguvu gani leo, na kwamba siku atakapoletwa, kutoka Mitwaba au kokote, aletwe mbele ya hakimu kabla hajaletwa mbele ya kamera. Programu ya kuwanyang'anya silaha wapiganaji na kuwarudisha kwenye maisha ya raia, iliyoundwa kwa agizo la Rais Julai 2021, ina ofisi zake na watu wake. Isiwe mlango wa nyuma wa wakubwa, iwe mlango wa mbele wa watoto.

Fidia nayo. Waliotajwa katika hukumu ile wanazeeka. Bunge la Mkoa linapojadili bajeti, mapato ya shaba na kobalti yakiwa mezani, liulize sehemu ya Serikali katika fidia ile imefikia wapi, jina kwa jina. Mitwaba haiko mbali kiasi hicho. Wabunge wanaokwenda huko kuomba kura wanaweza kwenda pia na orodha.

Na Kasapa. Iundwe kamati, hata kama imechelewa, iandike nani alifungua 2011 na nani alitazama pembeni 2020, na maandishi hayo yasomwe redioni kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake, ili wanaouza makala na wanaoponda mawe wayasikie bila kutafsiriwa na mtu mwenye kusudi lake.

Mama wa Kikula hajui kwamba barua hii imeandikwa. Ana wajukuu sasa. Mkubwa anasoma sekondari na anamsaidia Jumamosi kubeba magunia kutoka kwenye lori. Juzi kijana huyo alikuwa na shati jekundu, na bibi yake akamwambia akalibadilishe kabla ya kurudi sokoni. Alikwenda, akabadilisha, hakuuliza kwa nini.

Mwandishi atapita tena Jumamosi ijayo. Akipata jibu lenu kabla ya siku hiyo atampelekea.

Kwa heshima kubwa,

Mkaaji wa Likasi